Mwambie Mama Hakuna Anayekuja

Ndugu yangu Ndiema,

Barua hii ikifika hapo Kipsongo naomba ikukute una afya, mvua isiwe imebomoa ule ukuta tena, na mgongo wako usiwe umekwisha kwa kubeba magunia ya mahindi ya wenyewe. Mke wako amepona kile kikohozi? Mtoto ameanza kutembea? Mimi ni mzima. Tena nimenenepa, ukiniona utanicheka, suruali za kazi zimekataa kufunga. Huku wanaolinda ndio wanaonenepa na wanaolindwa ndio wanaokonda. Ukichoka kusoma ishia hapo, maana mengine yote nitakayoandika ni maelezo ya hilo tu.

Naipeana mkononi kwa Sajini Barasa, yule Mbukusu wa Chwele niliyekuja naye kwenye kikosi hiki cha kulinda amani. Anakuja likizo. Sikutaka ipitie kwenye mfuko wa barua wa kambi, kwa sababu yuko afisa ambaye kazi yake ni kufungua barua za watu na kuzisoma, na kwa kazi hiyo analipwa mshahara ambao ukiusikia utakaa chini. Jina la nchi niliyoko unalijua, sina haja ya kulitia hapa.

Barua yako ililetwa na ndege ya vyakula, imelala juu ya maboksi ya soseji. Nilienda kuisomea nyuma ya jiko. Nilipofika pale unapomtaja Mama nikarudi mwanzo nikasoma upya, nikidhani ni macho yangu ndiyo mabaya. Uliandika hivi, nakunukuu usije ukanigeuka:

"Nilimkuta soko ya Cheptais nikambembeleza sana. Akanunua chumvi akapanda tena mlimani. Anasema hawezi hama mpaka kofia za buluu zifike, juu ya vile wewe uko nao. Amekusanya majirani wale wamebaki, wote wanakaa kwa uwanja wa kanisa, na amewaambia hakuna haja ya kukimbia. Si uongee na wakubwa wenu, kaka? Hata lori mbili tu."

Hata lori mbili tu! Ndiema, wewe uliyemaliza kidato cha nne. Mama namsamehe, yeye hajawahi kuwaona watu wa kulinda amani wakiwa kazini. Lakini wewe unaishi Kitale. Kila juma unayaona yale magari meupe yenye antena ndefu yakipita mjini kuelekea Lodwar na mpakani. Umewahi kuona hata moja limesimama Kipsongo, hata kwa kupata pancha?

Najua hali ya mlimani, usidhani nimesahau. Wale vijana wa msituni walianza kwa kusema wanatetea mashamba yetu, na kuna watu wa kwetu waliowapigia makofi. Sasa wanatoza kodi mlango kwa mlango, wanachukua watoto wa watu kwa nguvu, na jirani yetu Chesebe alipouliza kodi hiyo ni ya nini walimkata sikio. Halafu bwana mkubwa anatokea kwenye redio, ameshiba, anasema hali imedhibitiwa na wananchi wasiwe na wasiwasi. Imedhibitiwa na nani? Kama imedhibitiwa, hao watu wetu uliosema wanalala chini ya karatasi za nailoni hapo karibu na wewe wamekuja Kipsongo kutalii?

Kwa hiyo Mama hakosei kutaka kulindwa. Anakosea kudhani kuna mtu anayekuja kumlinda, na kosa hilo limetoka kwenye ile picha yangu. Unaikumbuka: nimevaa kofia ya buluu, nimeegemea gari jeupe, na miwani ya jua ya kuazima. Nilitaka mjue nimefika mbali. Sasa unaniambia ameibandika ukutani kanisani, na kila anayeshikwa na hofu anapelekwa kuitazama ili moyo utulie. Mungu wangu! Gari lenyewe, Ndiema, halikuwa na betri. Lilikuwa limekaa pale tangu kabla sijafika, na linatumiwa kwa kupigia picha tu.

Basi ngoja nikueleze habari za huo ulimwengu mnaoungoja. Mimi niko ndani yake, nakula chakula chake, nitakwambia ulivyo.

Kabla barua yako haijafika tulitembelewa na mgeni kutoka makao makuu. Alikuja na projekta, katoni za juisi, na kitambaa kirefu cheupe chenye maandishi makubwa, JUKUMU LA KULINDA, kwa lugha tatu. Kitambaa kikatundikwa juu ya lango la kambi. Sisi tukakalishwa kwenye hema tukafundishwa kwamba serikali ikishindwa kulinda watu wake wasichinjwe, au ikiwa ni yenyewe inayowachinja, basi dunia nzima ina jukumu la kuingia kati na kuwalinda. Wakubwa wa dunia walikutana, wakakubaliana hivyo wote, wakapigiana makofi. Ni maneno mazuri, siwezi kusema uongo. Mgeni alikuwa na picha za mishale, mshale unatoka hapa unaenda pale, na kila mshale una rangi yake. Aliyekaa mbele yangu alikuwa anakoroma.

Mwishoni akauliza kama kuna maswali. Sajini Barasa, unajua Wabukusu hawawezi kukaa na swali tumboni, akasimama. Akauliza, watu wakija hapa langoni, na wauaji wakija nyuma yao, sisi tunafanya nini?

Mgeni alitabasamu. "Hilo ni swali zuri sana," akasema, akabonyeza, ukatokea mshale mwingine.

Tangu siku hiyo jibu hilo limekuwa salamu yetu mimi na Barasa. Mmoja akiuliza kama kuna maji ya kuoga, mwenzake anamjibu hilo ni swali zuri sana. Tulikuwa tunacheka wakati huo.

Nje ya lango letu kulikuwa na mama mmoja aliyeuza karanga za kukaanga kwenye sinia. Sisi Wakenya tulimwita Mama Karanga, na alikuwa ameokota Kiswahili kidogo kutoka kwetu, cha kuuzia tu. Alikuwa na umbo kama la Mama, mfupi, hana haraka, na kama Mama alikuwa na tabia ya kukukemea huku anakuongezea. Ukimwambia karanga zina mchanga anakunyang'anya na kumpa mwingine.

Wapiganaji wa huku walipoanza kuchoma vijiji vya juu, wazee wa kijiji cha jirani walimjia Kamanda wetu. Walitaka kujua jambo moja: wahame, wavuke mto waende ng'ambo kwa ndugu zao wakati njia bado ni wazi, au wabaki? Kamanda aliwakaribisha vizuri, akawapa soda. Hakuwaambia wahame, na hakuwaambia wabaki. Aliwaambia, "Tuko hapa." Ndivyo makamanda wanavyofundishwa kusema, nimekuja kujua baadaye, kwa sababu ni kweli na hakuna anayeweza kukushtaki kwa kusema hivyo.

Wazee waliondoka wakiwa wamefurahi. Kesho yake kijiji kizima kilihamia kando ya ua wetu wa waya, na mikeka, na kuku, na masufuria. Nilikuwa zamu langoni. Mama Karanga alikuja na kifurushi chake akakiweka chini, akanionyesha kwa kidole. "Nyinyi hapa," akasema. Akajionyesha na yeye. "Sisi hapa. Sawa." Akawasha moto wake akaanza kukaanga karanga chini ya kile kitambaa.

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema kwa sababu nataka uyasome pole pole. Nyinyi hapa, sisi hapa, sawa. Hicho ndicho anachowaambia Mama watu wa kanisani.

Wapiganaji walikuja mchana kweupe, sisi tukiwa mezani. Watu walikimbilia lango, wakalisukuma, wakapiga kelele kwa lugha yao na kwa lugha yetu. Mimi na Barasa tulikimbia tukasimama ndani ya lango, kila mmoja na bunduki yake, na ufunguo uko kwa Kamanda. Kamanda alikuwa hapo nyuma yetu, kwenye redio na makao makuu. Nilimsikia kwa masikio yangu. Makao makuu waliuliza kama kambi yenyewe imeshambuliwa. Akasema hapana, kambi haijashambuliwa. Wakamwambia basi aendelee kufuatilia hali.

Barasa alimwendea, akamwambia, "Afande, fungua. Tutafungua sisi, wewe ingia kwa ofisi, useme hukuona." Kamanda akamjibu kwamba hatuna mamlaka, na kwamba chakula cha kambi kimepimwa kwa idadi ya askari. Ndiema, alisema habari ya chakula! Watu wako langoni na mtu anawaza soseji zitatosha wangapi.

Waliposhindwa na lango walikimbilia mtoni. Lakini njia ya mtoni haikuwa wazi tena. Siwezi kuandika yaliyotokea huko. Mto hauko mbali, tulisikia yote. Baadaye, kulipokuwa kimya, lango lilifunguliwa haraka sana, na tukatumwa kwenda kuokota. Sinia la Mama Karanga lilikuwa pale pale langoni na karanga zake zimemwagika. Yeye mwenyewe tulimkuta karibu na maji. Nililia kama mtoto, na sioni haya kukuambia. Ninaloona haya ni kwamba nilikuwa nimevaa ile kofia.

Sasa sikiliza. Wale watu walikuwa na miguu, walikuwa na ndugu ng'ambo ya mto, na njia ilikuwa wazi siku kadhaa. Kama sisi tusingekuwepo wangekimbia, na wengi wao wangekuwa hai leo. Walibaki kwa sababu yetu. Hatukuwaua sisi, lakini sisi ndio tuliowakalisha pale. Nimeligeuza jambo hili kila upande nikitafuta mahali pa kutoroka, sijapata.

Unataka kujua wakubwa walifanya nini? Walituma ndege. Wakashuka watu wenye viatu safi wakatuuliza maswali, wakaandika kwamba hali ilikuwa tete. Tukasimama dakika moja ya ukimya chini ya kile kitambaa, maana hakuna aliyekumbuka kukishusha. Kisha wakatufanyia semina nyingine. Somo lilikuwa ni nini tumejifunza. Kulikuwa na biskuti. Mtu mmoja kutoka kikosi kingine akaniambia nimpitishie sahani, na mimi nikampitishia. Mwisho wa muda wetu tutapewa nishani sote, mpaka mpishi, na Kamanda anasemekana atapandishwa cheo kwa jinsi alivyoiweka kambi salama. Kambi iko salama kweli. Haina hata mchubuko.

Ndio hao unataka niwaombe lori mbili.

Na usifikiri sikujaribu, Ndiema. Niliposoma barua yako nilijitia ujinga nikaenda kwa afisa wa mambo ya raia hapa kambini, nikamweleza habari za mlima wetu, na Chesebe, na kanisa. Alinisikiliza vizuri. Akasema kwa bahati mbaya nchi yetu ni nchi yenye amani, inaleta askari wa kulinda amani, kwa hiyo haiwezi kuwa kwenye mpango wa kulindiwa amani. Kwa hiyo mimi kuwa hapa ndiyo sababu ya Mama kutolindwa kule. Nilimpigia saluti. Ningefanya nini?

Nilipomwonyesha Barasa barua yako, alicheka kwanza. "Ati mama yako anangoja sisi? Sisi hawa?" Akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akajipangusa uso kwa ile kofia yake, akasema, "Naibei, hiyo balua usiandike maneno mingi bana. Andika tu: Mama, shuka." Lakini namjua Mama. Ukimwambia shuka atakuuliza ashuke aende wapi, na ukimtajia Sirisia, kwa Mzee Wekesa, atanyanyuka kwa hasira aondoke.

Nafika sasa kwa Mzee Wekesa. Nisamehe nikirudia unayoyajua, nataka umwekee Mama jambo hili sawasawa, na wewe ulikuwa mdogo wakati huo.

Mzee Wekesa ni Mbukusu na sisi ni Wasabaoti, na siku hizi kuna watu wanaotaka tusahau kila kitu isipokuwa hilo. Lakini yeye na marehemu baba walitahiriwa msimu mmoja. Rika lao sisi tunaliita Nyongi na wao wanaliita Nyange, ni rika lile lile. Watu wa rika moja hawafungiani mlango. Mke wa mwenzako humwita bibi yetu na unamheshimu, watoto wake unawakemea kama wako, na yeyote atakayemwacha mtu wa nyumba ya rika lake alale nje, hata watoto wake mwenyewe watamwona si mtu. Hakuna aliyemletea Mzee Wekesa projekta kumfundisha hayo. Hana mamlaka ya kutoka popote. Ana boma, zizi, na nyumba ya ziada.

Shida ni mazishi ya baba. Mto ulifurika, Mzee Wekesa akafika siku ya pili, tumeshazika, viatu ameshika mkononi na matope mpaka kifuani, akivuta kondoo. Na kondoo mwenyewe jike, si dume la kuchinjia waombolezaji. Mama alimkuta mlangoni mbele ya watu wote akamwambia, "Rika lako tumeshazika. Na huyo kondoo nenda umzike." Mzee aliigeuza kamba akarudi alikotoka. Sisi tulitamani ardhi itumeze. Tangu siku hiyo Mama hajakanyaga Sirisia, na nakuambia angekula nyasi kuliko kula ugali wa Wekesa.

Lakini kuna jambo uliloliandika mwishoni kabisa mwa barua yako, kama kitu kisicho na maana, baada ya bei ya unga. Uliandika kwamba ulikutana na Mzee soko ya Chwele akakutuma hivi: "Mwambie bibi yetu kondoo yake imekuwa mingi, inamaliza nyasi yangu. Akuje aondoe. Na kama jioni itamshika, nyumba ya kulala iko, sitaki maneno."

Wewe ulidhani mzee anachanganyikiwa kwa uzee. Ndiema, hukujua. Kilichopelekwa kwenye matanga ya mtu wa rika lako hakirudi kuwa chako, hata ukirudishiwa kwa matusi. Mzee amemtenga yule kondoo miaka yote hii. Hajamchinja, hajamuuza, amezaa na waliozaliwa nao wamezaa, na wote ni wa Mama. Anamchungia mwanamke aliyemtukana mbele ya watu, na hajawahi kulitaja mpaka leo anapojua kwamba mwanamke huyo anahitaji sababu ya kushuka. Niliposoma mstari huo nilisimama. Nimekaa huku na maprofesa wa kulinda watu, sijaona hata mmoja anayetosha kumfungulia huyu mzee lango la zizi.

Kwa hiyo usimwambie Mama akimbie. Hataki kuwa mkimbizi, na mimi simlaumu. Mwambie aende Sirisia kuchukua mali yake, kwa sababu inamaliza nyasi za watu na inaanza kuwa aibu. Hilo atalisikia. Mama hawezi kuvumilia kusemwa kwamba mifugo yake inakula kwa jirani.

Lipo jingine, na hili ndilo gumu. Nimekosa usingizi juu yake. Hao watu wa kanisani wako pale kwa sababu yake. Yeye akishuka kimya kimya, watabaki wakidhani amekwenda kutupokea. Siwezi kumwacha Mama atende aliyoyatenda Kamanda wetu, aseme "tuko hapa" halafu asionekane. Ukimkuta sokoni Cheptais msomee yote niliyoandika kuhusu kambi hii, mpeleke mahali pa faragha, usiruke habari za Mama Karanga. Kisha arudi juu mara moja tu. Najua ninachoomba. Najua njia ile ina nani. Lakini ni yeye aliyewaambia wasikimbie, na hakuna mwingine watakayemwamini akiwaambia wakimbie. Abandue ile picha ukutani kwa mkono wake, waone anavyoibandua. Awaambie hakuna anayekuja. Soko linalofuata washuke wote, kila mtu na mzigo kichwani, ndizi, kabeji, chochote, kama watu wanaokwenda kuuza, wasitembee kwa kundi. Wakishauza, au wasipouza, wasipande tena. Njia ya Sirisia wanaijua.

Wewe mwenyewe usipande. Wale vijana wakikuona na mabega yako hayo hawatakuacha urudi. Ngoja sokoni. Kama soko hilo litafika jioni na Mama hajaonekana, nenda kwa Mzee Wekesa, yeye atajua la kufanya kuliko mimi na kikosi changu chote. Nakwambia hivi bila kejeli.

Wasalimie wote. Mke wako mwambie shemeji yake anamkumbuka na asiache dawa ya kifua. Dada yetu pale Kitale mwambie akiona picha yangu yoyote kwake aitoe. Mchungaji wa kanisa, akifika salama, mpe pole, na umwambie namwomba radhi kwa kilichokaa ukutani mwake. Chesebe msalimie kwa upande unaosikia, ukimwambia ni mimi nimesema atacheka, yeye bado anapenda utani. Mzee Wekesa na mke wake sina salamu zinazowatosha. Nitakuja mwenyewe.

La mwisho, halafu nimwachie Barasa aende, gari la uwanja wa ndege linapiga honi. Mama aliapa hashuki mpaka kofia za buluu zifike. Sajini amebeba moja ndani ya begi lake. Ni yangu, niliyovaa langoni siku ile. Nitaandikwa makosa ya kupoteza mali ya kikosi, na waandike. Wewe usiende nayo Cheptais, ikionekana watakuua. Ipeleke moja kwa moja kwa Mzee Wekesa, umwombe aitundike kwenye nguzo ya zizi la kondoo wa Mama. Kisha ukimkuta sokoni, na akikuuliza kama anavyokuuliza kila mara, mwambie ndiyo, Mama, kofia ya buluu imefika. Iko Sirisia. Haina mtu ndani.

Ni mimi kaka yako,
Naibei